Kesi rejea: ipi inaifunga mahakama, ipi inashawishi tu?

Nyamagana_87

Habari za kazi ndugu zangu. Kuna jambo la kesi rejea, yaani hukumu za nyuma tunazozinukuu mahakamani, naona wengi tunalichanganya, hata mawakili tuliokwisha kuapishwa.

Chukulieni maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufani yako mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu. Mwombaji anaegemea kesi ya Valambhia ya 1992, ya Mahakama ya Rufani: hukumu inayopingwa ikiwa imekiuka sheria, muda uongezwe. Mjibu maombi anajibu kwa kesi ya Lyamuya, ya mahakama hiyohiyo, inayotaka zaidi ya hapo, kisha anarundika hukumu mbili za majaji wengine wa Mahakama Kuu na moja ya Mahakama ya Upeo ya Kenya. Jaji anafungwa na ipi? Na ikitokea hukumu mbili za Mahakama ya Rufani hazielewani, ashike ipi? Halafu kwenye hukumu ya kurasa 30, mtu anaijuaje ile sehemu inayofunga na kuyaacha maneno mengine?

La mwisho. Mawakili wa Kongo husema kwao hukumu si sheria, hakimu hafungwi na kesi ya watu wengine. Ni kweli hivyo mahakamani, au ni maneno ya vitabuni?

Wakili_wa_Kisutu

Ndugu Nyamagana, tuanze na ngazi, maana hapo ndipo hoja nyingi huanguka kabla Jaji hajafika kwenye sheria yenyewe.

Kwetu Tanzania aliye juu ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya zamani kuvunjika na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kwenda nayo. Uamuzi wake unazifunga mahakama zote za chini, hata pale Jaji anapoamini kwamba umekosewa. Hilo lilikwisha kusemwa waziwazi katika Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, [1988] TLR 146 (TLR ni ripoti za hukumu za Tanzania). Jaji anaweza kuandika kwamba hakubaliani nao, akaeleza kwa nini, ili wakubwa wake wayaone. Amri atakayoitoa lazima iufuate. Kwa hiyo wakili anayesimama Mahakama Kuu kusema uamuzi fulani wa Mahakama ya Rufani si sahihi hivyo usifuatwe, anapoteza muda wake na wa mteja. Anachoweza kusema ni kwamba mambo yaliyotokea katika kesi ile si haya, au sheria iliyotafsiriwa imeshabadilishwa, au Mahakama ya Rufani yenyewe imeshauacha msimamo huo.

Mahakama ya Rufani na hukumu zake yenyewe ni habari nyingine. Msimamo tuliurithi kwa ile mahakama ya Afrika Mashariki, katika Dodhia dhidi ya National & Grindlays Bank, [1970] EA 195 (EA ni ripoti za hukumu za Afrika Mashariki): kwa kawaida inajihesabu imefungwa na maamuzi yake ya nyuma, ila iko huru kuyaacha inapoona ni haki kufanya hivyo, kwa madai na kwa jinai. Angalieni mwaka. Uingereza, House of Lords, iliyokuwa mahakama yao ya juu kabisa, ilijifunga yenyewe bila mlango wa kutokea tangu kesi ya London Tramways ya 1898, na mlango huo ulifunguliwa kwa tamko la tarehe 26 Julai 1966. Dodhia ilikuja miaka 4 baadaye.

Sasa hukumu mbili za Mahakama ya Rufani zikigongana. Jibu liko katika Arcopar (O.M.) S.A. dhidi ya Herbert Marwa na wenzake, Maombi ya Madai Na. 94 ya 2013: ifuatwe iliyo ya karibuni zaidi, isipokuwa kuna sababu ya msingi ya kutoifuata. Lakini kabla hujakimbilia Arcopar, jiridhishe kwamba zinagongana kweli. Mara nyingi hazigongani. Moja imeipunguza nyingine mipaka, na hilo ndilo lililotokea kwenye hizo kesi zako mbili.

Hukumu za majaji wengine wa Mahakama Kuu hazimfungi Jaji, wako ngazi moja. Hata hivyo Mahakama ya Rufani ilisema katika Ally Linus na wenzake 11 dhidi ya Mamlaka ya Bandari, [1998] TLR 5, kwamba jaji hapaswi kuuacha kirahisi mtazamo uliofikiriwa vyema wa majaji wenzake, na kwamba huo ni wajibu wa kazi yake, si adabu tu. Mahakimu wao wanafungwa na Mahakama Kuu. Hakimu akiletewa hukumu mbili za Mahakama Kuu zinazopingana, atachagua moja, na lazima aandike kwa nini.

Ya Kenya inashawishi, haifungi. Inapata uzito pale kifungu chao kinapofanana na chetu neno kwa neno, na pale ambapo hakuna uamuzi wetu. Kwenye maombi ya muda uamuzi wetu upo tele, kwa hiyo hiyo ya Kenya ni mapambo. Usipoteze hata aya mbili kuijibu.

Jopo3

Niongeze kwenye Valambhia na Lyamuya, kwa sababu ni mfano mzuri kuliko wote wa namna kesi moja inavyoisoma nyingine.

Katika Valambhia, Mahakama ilisema kwamba inapodaiwa uamuzi unaopingwa umekiuka sheria, mahakama ina wajibu wa kuhakikisha jambo hilo, hata kama itabidi iongeze muda, na ikithibitika irekebishe kumbukumbu. Watu waliichukua sentensi hiyo peke yake, wakaifanya ufunguo wa kila mlango: ukichelewa miaka 2, andika kwamba hukumu ina makosa ya kisheria, basi.

Lyamuya Construction Company Ltd dhidi ya Bodi ya Wadhamini wa YWCA Tanzania, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, ikaifunga njia hiyo. Ilitaja mambo 4 ya kuangaliwa: mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa, ucheleweshaji usipite kiasi, aonyeshe alikuwa na bidii, si uzembe wala kutojali, na kama zipo sababu nyingine za kutosha, kama vile hoja ya kisheria yenye uzito kuhusu uhalali wa uamuzi. Halafu ikaieleza Valambhia. Kwamba Mahakama haikukusudia kila anayetaja hoja ya kisheria apewe muda kama haki yake. Hoja hiyo lazima iwe na uzito, na ionekane wazi kwenye kumbukumbu za shauri, mfano mamlaka ya mahakama kusikiliza shauri, isiwe ya kutafutwa kwa mabishano marefu.

Lyamuya ni uamuzi wa jaji mmoja wa Rufani, kwa kuwa maombi ya muda kule husikilizwa na jaji mmoja. Nguvu yake inatokana na kwamba majopo ya majaji 3 yameurudia mara nyingi. Ukiweza, nukuu na mmoja wa hayo majopo.

Kwa hiyo Jaji wako anazifuata zote mbili kwa pamoja. Mwombaji aliyehukumiwa bila kusikilizwa, na kumbukumbu zenyewe zinaonyesha hakuwahi kupelekewa wito, bado anaitumia Valambhia vizuri. Anayelalamika kwamba ushahidi haukupimwa sawasawa hana Valambhia. Ana rufani aliyoichelewesha. Na huyo atakutana na Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo, Maombi ya Madai Na. 3 ya 2007, inayotaka hata siku moja ya kuchelewa itolewe maelezo.

Kuhusu kuitoa sehemu inayofunga. Kilatini huiita *ratio decidendi*, yaani ile sababu ya kisheria ambayo uamuzi umesimama juu yake. Njia ninayoiamini ni hii. Anza na amri iliyo mwisho wa hukumu: rufani imekubaliwa, imetupwa, mwenendo umefutwa, shauri lirudishwe? Rudi nyuma utafute swali ambalo lazima lijibiwe ili amri hiyo itoke. Kisha chukua kanuni unayodhani ndiyo yenyewe, uigeuze iseme kinyume, ujiulize kama amri ingebaki vilevile. Ikibaki vilevile, uliyoshika ni maneno ya pembeni. Ikibadilika, umeshika nguzo. Mwisho andika kanuni hiyo kwa sentensi moja yenye mambo yaliyotokea ndani yake. Hiki cha mwisho ndicho watu huruka. Kanuni bila mambo yaliyotokea ni kauli tu, na mpinzani wako ataipanua au kuibana anavyotaka.

Mfano wa jinai. Robinson Mwanjisi na wenzake 3 dhidi ya Jamhuri, [2003] TLR 218, inataka waraka kwanza upokelewe kama kielelezo ndipo usomwe. Ukisomwa kabla, au ukipokelewa usisomwe, mshtakiwa amepunjwa. Wengi huandika "kwa mujibu wa Mwanjisi mrufani aachiwe". Mwanjisi haisemi hivyo. Kinachofutwa ni kielelezo. Baada ya hapo mahakama inauliza ushahidi uliobaki, hasa wa mdomo wa shahidi aliyeuzungumzia waraka huo, unatosha au hautoshi. Mrufani anaachiwa pale tu ambapo kilichofutwa kilikuwa ndicho kilichobeba kesi yote. Anayekata rufani kwa Mwanjisi na kuishia kwenye kufutwa kwa kielelezo, bila kusema neno juu ya mashahidi waliobaki, ameiacha kazi nusu.

Makosa ninayoyaona sana kwenye hoja za maandishi: kunukuu muhtasari ulio juu ya ripoti ya TLR, ambao ni wa mhariri na si wa Jaji, kunukuu aya ambayo Jaji alikuwa akisimulia hoja za wakili, kisha chini yake akaikataa, kunukuu hukumu ya Mahakama Kuu iliyokwisha kutenguliwa, na kunukuu hukumu ya jaji aliyetofautiana na wenzake kana kwamba ndiyo ya Mahakama. La pili linaumiza kuliko yote, kwa sababu mpinzani akisoma aya inayofuata kwa sauti, Jaji haziamini tena nukuu zako nyingine.

Wakili_Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya jambo hili limeandikwa ndani ya Katiba. Kifungu cha 163(7) cha Katiba ya 2010 kinasema mahakama zote, isipokuwa Mahakama ya Upeo yenyewe, zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Upeo. Uganda nao wanacho, kifungu cha 132(4) cha Katiba yao ya 1995, na chao kinaongeza kwamba mahakama hiyo yaweza kuacha uamuzi wake wa nyuma ikiona ni sawa. Yetu ilijieleza kuhusu hilo katika Jasbir Singh Rai dhidi ya Tarlochan Singh Rai, 2013.

Lakini nataka kuwaonyesha kwamba hata ukiandika kwenye Katiba, bado swali la ndugu Nyamagana linabaki: kinachofunga ni kipi?

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Upeo iliamua kesi ya Francis Karioko Muruatetu. Swali lilikuwa kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa aliyepatikana na hatia ya mauaji. Mahakama ikasema ulazima huo, unaomzuia jaji kusikiliza maombi ya kupunguziwa adhabu, unapingana na Katiba. Adhabu ya kifo yenyewe haikuondolewa.

Mahakama za chini zikaichukua hoja hiyo mbele. Wakasema, kama ulazima ni mbaya kwenye mauaji, ni mbaya kote. Mahakama ya Rufaa ikaitumia kwa wizi wa kimabavu, kifungu cha 296(2), katika William Okungu Kittiny mwaka 2018. Mwaka 2019, katika Jared Koita Injiri, ikaitumia kwa makosa ya unajisi, yaani kumwingilia mtoto kingono, ambako sheria imeweka kima cha chini cha kifungo. Wafungwa wakafurika Mahakama Kuu wakiomba wahukumiwe upya.

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Upeo ikatoa maelekezo: Muruatetu inahusu mauaji chini ya vifungu vya 203 na 204 pekee. Anayetaka kupinga ulazima katika kosa lingine, alete kesi ya kosa hilo, ihojiwe kivyake na ipande ngazi hadi juu. Bado haikutulia. Katika kesi ya Joshua Gichuki Mwangi, Mahakama ya Rufaa ilishusha kifungo cha miaka 20 chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono kikawa miaka 15. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Upeo ikakirudisha kwenye 20, ikisema kima cha chini ni halali hadi sheria itakapobadilishwa kwa njia yake.

Mimi nina maoni yangu. Mahakama za chini hazikufanya upuuzi. Hoja za 2017 ziliandikwa kwa upana, na mtu akizisoma kwa uaminifu angeweza kufika mbali. Kosa lilikuwa kuchukua *sababu* za uamuzi na kuzitenganisha na *swali* lililokuwa mbele ya mahakama. Kipimo cha ndugu Jopo3, kwamba sentensi yako iwe na mambo yaliyotokea, kingetosha kuonya: "ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji chini ya kifungu cha 204" ni kitu kimoja, "kima cha chini cha kifungo kwa kosa lolote" ni kingine.

Kwenu Tanzania Muruatetu isingemfunga mtu hata kidogo, na haitoshi kuitaja tu, kwa sababu mnayo Mbushuu alias Dominic Mnyaroje dhidi ya Jamhuri, [1995] TLR 97, iliyoiacha adhabu ya kifo isimame. Anayetaka kuishughulikia Mbushuu kwa makini ataanza kwa kusema ilihusu adhabu yenyewe, wala si ulazima wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha iliugusa ulazima huo tarehe 28 Novemba 2019, katika Ally Rajabu na wenzake.

Bukavu_Sheria

Jambo kwenu wote. Nijibu la Kongo.

Ni kweli kwenye maandishi, na kwa sehemu ni kweli mahakamani. Mizizi yetu ni ya Ubelgiji na Ufaransa. Sheria ya kiraia ya Ufaransa (Code civil) ya 1804, kifungu cha 5, inamkataza hakimu kutoa hukumu kwa namna ya kutunga kanuni ya jumla. Kifungu cha 4 kinamkataza kukataa kuhukumu kwa kisingizio kwamba sheria imenyamaza. Visomeni pamoja: lazima uamue, ila usitunge sheria. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 153, inapotaja mahakama zitumie nini, inataja mikataba iliyoidhinishwa, sheria, kanuni za serikali zinazolingana na sheria, na desturi zisizopingana na utaratibu wa umma wala maadili mema. Hukumu za nyuma hazimo kwenye orodha.

Matokeo yake kwa kazi ya kila siku ni haya. Hukumu inaanza kwa kutaja kifungu kinachosimamia jambo. Hakimu akiandika "kwa kuwa mahakama kubwa ilisema hivi mwaka fulani" na kuishia hapo bila kifungu, hukumu yake haina mguu wa kisheria na inaweza kuvunjwa kwa sababu hiyo tu. Kwenu mnaanza na kesi mkifika kwenye kifungu. Sisi tunaanza na kifungu, hukumu za nyuma zinakuja kuonyesha kifungu kinavyoeleweka. Na tunachotafuta ni mfululizo wa hukumu zinazosema kitu kimoja kwa muda mrefu. Hukumu moja iliyo peke yake haina uzito huo.

Msidhani basi hukumu hazina nguvu. Ufaransa, sheria nzima ya ajali za magari iliishi miaka mingi juu ya sentensi moja ya kifungu cha 1384, ambacho tangu 2016 ni 1242. Lori lilimgonga msichana mmoja Belfort mwaka 1925. Mahakama ya Besançon ikamnyima fidia, Cour de cassation, mahakama ya juu ya Ufaransa kwa madai na jinai, ikaivunja hukumu hiyo 1927 na kulipeleka shauri Lyon, Lyon ikakataa kuwafuata. Ndiyo, ilikuwa na haki ya kukataa, na hilo ni jambo ambalo wakili wa Dar atashangaa nalo. Shauri likarudi mbele ya majopo yote ya Cour de cassation kwa pamoja, na tarehe 13 Februari 1930, katika kesi ya Jand'heur, ikaamuliwa kwamba aliye na kitu chini ya ulinzi wake anawajibika kwa madhara ya kitu hicho mpaka athibitishe nguvu isiyozuilika au sababu ya nje isiyomhusu. Mwathirika hahitaji kuthibitisha uzembe. Hakuna bunge lililoandika hivyo. Utaratibu huo upo hadi leo Ufaransa: mahakama ya kwanza iliyopelekewa shauri inaweza kupinga, lakini baraza zima la Cour de cassation likishaamua, mahakama ya pili inafungwa kwa hoja ya sheria, katika shauri lile.

Kongo kifungu chenyewe ni cha 260 cha Kitabu cha Tatu cha sheria yetu ya kiraia, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na cha uzembe wa kawaida ni 258. Kwa kuwa maneno yanafanana na ya Wafaransa na Wabelgiji, wakili wa Bukavu hunukuu hukumu za Paris na Brussels bila aibu. Shida yetu kubwa ni kwamba hukumu zetu hazichapishwi kwa mpangilio. Utawezaje kuonyesha mfululizo kama hukumu zenyewe hazipatikani? Ni jambo linalonikera.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo Kongo hukumu inafunga waziwazi. Kifungu cha 168 cha Katiba kinasema maamuzi ya Mahakama ya Katiba hayana rufaa, yanatekelezwa papo hapo, na yanazifunga mamlaka zote za umma, za utawala na za mahakama, za kiraia na za kijeshi, pamoja na watu binafsi. Ujerumani ni vivyo hivyo kwa Mahakama yao ya Katiba.

Nyamagana_87

Asanteni sana, hasa hilo la Lyon, sikulijua. Maswali mawili ya nyongeza. Rwanda wako upande gani sasa? Na kwetu, kesi za zamani za EA na zile za Uingereza bado zina nguvu gani? Maana tunazinukuu tu kwa mazoea.

Bukavu_Sheria

Rwanda wameondoka kwetu kidogo kidogo. Walianza kama sisi, kwa urithi wa Ubelgiji, ila sheria yao ya mamlaka ya mahakama imeweka kwamba hukumu za Mahakama ya Juu zinazifunga mahakama nyingine, na wanachapisha ripoti za hukumu zao. Waliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007 na Jumuiya ya Madola 2009. Lakini ukifungua hukumu ya Kigali, mtindo wa kuanza na kifungu bado uko pale.

Wakili_wa_Kisutu

Za Uingereza: mlango wao ni kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, kinacholeta sheria ya kimila ya Uingereza, kanuni za usawa na sheria za jumla zilizokuwepo kule tarehe 22 Julai 1920, kadiri mazingira ya hapa yanavyoruhusu. Kenya tarehe yao ni 12 Agosti 1897. Hukumu ya London ya leo inashawishi tu. Ukiwa na ya kwetu juu ya jambo hilohilo, iache.

Za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki nyingi zinaishi kwa sababu mahakama zetu zimeendelea kuzikubali. Fatehali Manji, [1966] EA 343, ndiyo kipimo cha kuamuru kesi isikilizwe upya Dar, Nairobi na Kampala: mwenendo wa kwanza uwe ulikuwa batili au na kasoro, na usikilizwaji mpya usiwe wa kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yao. Ukiinukuu, iambatanishe na hukumu ya karibuni ya Mahakama ya Rufani iliyoifuata, ili asiwepo wa kukuuliza kama bado ni hai.

Hilo la uhai ndilo linalotaka kazi ya mikono. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, tafuta jina la kesi ndani ya maandishi ya hukumu, si kwenye vichwa tu, upange kuanzia ya karibuni. Soma hukumu 5 au 6 za mwisho zilizoitaja. Unatafuta maneno ya kuikubali, kuitofautisha au kuiacha. Halafu fungua sheria ilivyo leo. Kesi nyingi nzuri kuhusu kibali cha kukata rufani kwenda Mahakama ya Rufani katika mashauri ya madai zilibaki maganda tu baada ya Sheria Na. 11 ya 2023 kuliondoa sharti hilo. Hakuna jaji aliyezitengua, ila kifungu kilichozibeba hakipo. Na tangu Toleo la 2023 la sheria zetu lianze kutumika, hakikisha namba ya kifungu iliyo kwenye hukumu ya zamani bado ndiyo hiyo.

Jihadhari pia na kesi mbili zinazotajwa kama vile moja ni dawa ya nyingine. Kwenye lengo kuu la kutenda haki bila kubanwa na mambo ya kiufundi, Yakobo Magoiga Gichere dhidi ya Peninah Yusuph, Rufani ya Madai Na. 55 ya 2017, iliokoa mwenendo wa baraza la kata uliokuwa na kasoro za kuandika akidi. Njake Enterprises dhidi ya Blue Rock, Rufani ya Madai Na. 69 ya 2017, ikasema lengo hilo haliwezi kutumika kiholela kuvunja sharti la lazima la utaratibu. Zote ni za Mahakama ya Rufani na zote zinafunga. Swali la kujibu ni kasoro yako iko upande gani: ilimwumiza mtu, au inagusa hatua ambayo bila yake hakuna rufani?

Jopo3

Jambo dogo la lugha. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi tunazozinukuu ziko kwa Kiingereza. Ukitafsiri nukuu, weka na maneno ya asili chini yake pamoja na namba ya ukurasa. Neno moja likipindwa, kwa mfano "inaweza" mahali pa "lazima", umebadilisha kanuni yenyewe.

Wakili_wa_Kisutu

Kweli kabisa. Na kwa maombi aliyoyataja ndugu Nyamagana: kama mwombaji anategemea ukiukwaji wa sheria, autaje kwenye kiapo, aseme ni upi na uko ukurasa gani wa mwenendo, na aambatishe hukumu inayopingwa. Ukiletwa kwa mara ya kwanza kwenye hoja za maandishi, mjibu maombi atasema hoja si ushahidi, na atakuwa sahihi. Siku zote alizochelewa nazo aziorodheshe hapohapo kwenye kiapo, tarehe kwa tarehe, kuanzia siku muda ulipoisha mpaka siku maombi yalipopokelewa masjala, ili Jaji akiukataa ukiukwaji bado awe na kitu cha kupima.